Pochi ya J ikisumbua, iangaliwe ndani

Naandika kwa ajili ya mtu aliyekwisha kutolewa utumbo mpana, akawekewa pochi ya J, yaani mfuko wa ndani ulioshonwa kwa utumbo mwembamba ili ushike haja, akapewa hongera na ndugu na jamaa, na leo yuko msalani kwa mara nyingine tena akijiuliza kama ni yeye peke yake. Si wewe peke yako. Na inawezekana kabisa kwamba dawa unayomeza si ya kinachokusumbua. Hilo la pili ndilo lililonisukuma kuandika, kwa sababu pochi ina matatizo mengi yanayojitokeza kwa sura ileile: kwenda choo kila mara, haja ya ghafla isiyosubiri, maumivu ya chini, damu kidogo. Kwa kuyasikiliza tu huwezi kuyatenganisha. Lazima mtu aingie aangalie.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Milton Keynes, Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Ugonjwa ulinianza nikiwa bado nyumbani. Naharisha damu na kamasi, tumbo linakata, usiku homa. Nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa amiba tena. Sina kinyongo na walionitibu. Kwetu amiba ni jambo la kila siku, na vidonda vya utumbo mpana, huu ugonjwa ambao madaktari huuita kolaitisi ya vidonda, hauthibitiki bila kamera ya kuingizwa utumboni na bila kipande cha nyama kupelekwa maabara. Jina lake nililijua nilipofika huku.

Kwa wengi dawa hutosha. Kwangu hazikutosha. Nililazwa, nikatundikiwa dripu za haidrokotizoni ya kupunguza uvimbe, ikafuata infliksimabu ya kutuliza kinga ya mwili, damu haikukoma. Daktari wa upasuaji alikuja akavuta kiti, akaniambia utumbo huu ukitoboka ukiwa bado tumboni, maisha yako yatakuwa hatarini. Nikatia saini.

Upasuaji wangu ulikuwa wa hatua tatu. Kwanza waliutoa utumbo mpana, na ncha ya utumbo mwembamba ikatolewa nje kwenye ukuta wa tumbo. Hiyo ndiyo stoma, na juu yake unabandikwa mfuko. Hatua ya pili waliiondoa rektamu, yaani kipande cha mwisho kabla ya njia ya haja kubwa, wakachukua sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, kama sentimita 30 hadi 40, wakaikunja mara mbili kwa umbo la J, wakaishona ikawa pochi, na kuiunganisha chini kwenye njia ya haja kubwa. Wakaacha stoma nyingine ya muda ili kiungio kipone bila kupitiwa na uchafu. Hatua ya tatu stoma hiyo ikafungwa. Wazo hili lilianzia London: mwaka 1978 Alan Parks na John Nicholls wa hospitali ya St Mark's walichapisha habari za pochi yenye mikunjo mitatu, ambayo wagonjwa wengi walilazimika kuimwaga kwa mrija, na mwaka 1980 daktari wa Kijapani, Utsunomiya, akaleta ile ya mikunjo miwili inayojimwaga yenyewe. Wengi wetu leo tunayo hiyo ya Mjapani.

Kuna jambo dogo ambalo mimi sikuelezwa, na ningependa kila mwenye pochi alijue. Kiungio kikifungwa kwa mashine ya pini, chini yake hubaki ukanda mwembamba wa rektamu, sentimita moja au mbili hivi. Ukanda huo ni nyama ileile iliyokuwa ikiugua. Unaweza kuendelea kuugua peke yake.

Kwanza tukubaliane uzima wenyewe ukoje. Mwenye pochi iliyotulia huenda choo mara nne hadi nane kwa saa 24, na pengine mara moja usiku. Haja ni laini kama uji, haitarudi kuwa kama zamani. Mwaka wa kwanza ni mgumu zaidi kwa sababu pochi bado ndogo, inajifunza kutanuka. Na ngozi inaungua. Kinachotoka kwenye utumbo mwembamba bado kina nyongo na vimeng'enya vya kusagia chakula, kikigusa ngozi kinaichoma. Hapa malezi ya pwani yalinisaidia kuliko ushauri wowote: kopo la maji. Karatasi kavu inakwangua ngozi ambayo tayari imechubuka. Mimi naosha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, nakausha kwa kugusagusa na kitambaa cha pamba bila kusugua, kisha napaka krimu ya zinki nzito kabla ya kulala na kila baada ya haja. Kazini nabeba chupa ndogo ya maji kwenye mkoba. Nabeba pia ufunguo wa Radar, unaofungua vyoo vya walemavu nchi nzima huku Uingereza. Mwanzoni niliona haya kuutumia kwa kuwa natembea kwa miguu yangu. Sioni haya tena.

Sasa niingie kwenye matatizo.

La kwanza na maarufu ni pochaitisi, yaani pochi yenyewe kuvimba. Karibu nusu ya waliowekewa pochi kwa sababu ya kolaitisi huipata angalau mara moja. Wale waliowekewa kwa sababu ya polipu za kurithi, vinyama vinavyoota ndani ya utumbo, huipata kwa nadra, na hiyo ndiyo inayofanya wataalamu waamini kwamba kinga ya mwili iliyokuwa ikiushambulia utumbo mpana haiondoki pamoja nao. Inakuta bakteria wametulia ndani ya pochi, vita vinaanza upya. Yangu ya kwanza ilikuja na homa ndogo, viungo kuuma, na haja isiyonipa hata nafasi ya kufika mlangoni. Nikapewa antibayotiki ya siprofloksasini ya wiki mbili na siku chache baadaye nikajiona mtu. Ukiandikiwa dawa hiyo usiinywe pamoja na chai ya maziwa, mtindi wala vidonge vya kuongeza damu, kwani kalsiamu na madini ya chuma huishika dawa isifyonzwe. Uliza hilo duka la dawa, na ukihisi maumivu kwenye mshipa wa juu ya kisigino, acha dawa umpigie daktari siku hiyohiyo.

Ikarudi. Kliniki ninakotibiwa ikaniandikia dozi nyingine kwa simu. Ikarudi tena, nikaandikiwa metronidazoli, ile Flagyl niliyoizoea tangu Tanga, na ule ladha wake wa chuma mdomoni mchana kutwa. Vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Kila nikipiga simu jibu lilikuwa dozi, na kila dozi ilinipa nafuu fupi kuliko iliyotangulia. Nililala na pampasi. Nilitandika mpira kitandani chini ya shuka. Mume wangu hakusema neno lolote baya, alikuwa akiamka kunisaidia kubadilisha shuka usiku wa manane halafu anaenda kazini alfajiri, na mimi nilikuwa nalia kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Aliyelivunja hilo ni nesi bingwa wa wagonjwa wa pochi. Nilipelekwa kwake kwa jambo jingine kabisa, vipimo vya damu. Akaanza kuuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

“Ukikaa chooni, inatoka yenyewe au unasukuma?”

“Nasukuma.”

“Ukiinuka, unahisi imeisha?”

“Haijawahi kuisha. Narudi baada ya dakika kumi.”

“Inatoka na unene gani?”

Nikamwonyesha kidole changu cha mwisho. Akaweka kalamu chini, akavaa glavu, akaniomba ruhusa anipime. Kidole chake cha shahada hakikupita.

Siku ya kamera waliona mambo mawili. Kiungio kilikuwa kimejikaza, kimeota kovu kama pete, tundu lake dogo mno. Na ule ukanda wa rektamu niliousema ulikuwa mwekundu, ukiguswa unatoka damu. Pochi yenyewe, iliyomezewa dawa muda wote huo, ilikuwa imevimba kidogo tu. Daktari alinieleza kwa mchoro: mlango ukiwa mwembamba, pochi haimwagiki yote, kinachobaki kinachacha humo, bakteria wanazidi, pochi inawasha. Antibayotiki inawapunguza kwa muda, lakini mlango bado umefungwa, kwa hiyo wanarudi. Nilikuwa naenda choo mara nyingi kwa sababu kila nikienda nilikuwa napunguza kidogo tu cha juu.

Tiba ya kovu ni kutanua. Ya kwanza walinipa nusu kaputi wakapitisha vyuma laini vya kutanulia, kuanzia chembamba kwenda kinene. Baada ya hapo nikapewa cha kwangu cha nyumbani, cha plastiki, cha kuingiza mwenyewe kwa jeli. Nalisema hili waziwazi kwa sababu najua kuna mtu atapewa kifaa hicho akakifungia kabatini kwa aibu. Naoga kwanza maji ya moto, nalala ubavu wa kushoto, magoti juu, napumua polepole na kuingiza wakati natoa pumzi. Ukilazimisha unajiumiza, ukisubiri misuli inalegea yenyewe. Inauma siku za mwanzo, kisha inakuwa kama kupiga mswaki. Ukanda nao uliandikiwa mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe, ya kuingiza njia ya nyuma usiku. Antibayotiki haigusi ugonjwa wa ukanda huo, ndiyo maana damu ile haikuwa ikikoma.

Ndani ya majuma machache nililala usiku mzima. Nilipoamka niliona kumekucha na sikuamini.

Sisemi kila pochi inayosumbua imekaza. Mwaka uliofuata mimi mwenyewe nilipata pochaitisi sugu ya kweli, kamera ikaonyesha vidonda, na huo mlango ulikuwa wazi. Hapo nikaanzishiwa vedolizumabu kwa dripu, dawa ya kutuliza kinga ya mwili kwenye utumbo, ambayo Ulaya iliiruhusu kwa ajili ya ugonjwa huu mwaka 2022. Imenituliza, haijaniponya. Ninachosema ni kwamba mara zote mbili nilijisikia vilevile, na tiba zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Kama dozi ya kwanza imekusaidia, sawa. Kama unaandikiwa ya tatu na hakuna aliyekuingiza kidole wala kamera, omba uangaliwe, na ukikataliwa omba tena kwa maandishi.

Kuna hatari moja isiyosubiri miadi. Upasuaji wa tumbo huacha makovu ndani, na utumbo mwembamba unaweza kujikunja hapo ukaziba. Haitoki haja, hautoki upepo, tumbo linajaa na kukata kwa mawimbi, unatapika. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usinywe dawa ya kuendesha. Mimi yamenipata, nikawekewa mrija wa puani na dripu, ikafunguka bila kisu.

Kusafiri kwenda nyumbani ndiko kulikonifundisha habari ya maji. Utumbo mpana kazi yake kubwa ni kurudisha maji na chumvi mwilini. Asiyekuwa nao anakauka upesi, na kwenye joto la Tanga anakauka upesi zaidi. Kunywa maji matupu mengi hakutoshi, yanapita na kuondoka na chumvi. Nakunywa ORS, naongeza chumvi kwenye chakula. Madafu nayapenda, lakini dafu lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, halitoshi peke yake. Basi la kutoka Dar ni jaribio la imani. Kondakta anasimamisha abiria wakachimbe dawa anapotaka yeye, si unapotaka wewe, kwa hiyo mimi hula mara ya mwisho usiku uliotangulia, asubuhi nameza loperamaidi ya kupunguza kuharisha nusu saa kabla ya kipande cha mkate mkavu, nakaa kiti cha karibu na mlango, na nakwenda kumweleza dereva kabla gari halijaondoka. Nikasema tu, “Kaka, nimefanyiwa operesheni ya utumbo, nikikuomba usimame naomba usiniulize.” Sijapata dereva aliyenikatalia.

Nyumbani shangazi yangu alipika makande kwa furaha ya kuniona. Mahindi yale na maganda ya maharage ni vitu vinavyoweza kuziba au kunitesa siku nzima, kama vilivyo mahindi ya kuchoma, korosho na vipande vya nazi. “Mwanangu, umekuwa Mzungu, huli chakula chetu?” Nikamshika mkono nikamweleza yote, stoma, pochi, mpaka ule mlango. Alinyamaza, kisha akaniuliza, “Sasa wali unakula?” Nakula. Wali, ndizi mbivu, viazi, samaki, tui lililochujwa vizuri. Mchuzi wa kisamvu kilichotwangwa sana nakula kidogo. Tangu siku hiyo sufuria langu lilikaa pembeni na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuuliza kwa nini.

Nikiwa Tanzania natembea na karatasi moja yenye mchoro wa tumbo langu: hakuna utumbo mpana, pochi iko hapa, kiungio kiko hapa, dawa ninazotumia ni hizi. Daktari wa zamu anaweza kuwa hajawahi kukutana na pochi, na mchoro unaokoa muda. Anayefikiria upasuaji huu akiwa nyumbani aulize mapema pia nani atamfuatilia baadaye, na mifuko ya stoma ataipata wapi na kwa bei gani, maana wapo wanaohangaika kuipata na mwishowe hutumia mifuko ya plastiki ya kawaida.

Ibada ilinisumbua moyo kuliko chakula. Najisi inavuja bila hiari yangu, nitaswali vipi? Nilimwendea sheikh wetu, akanieleza hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu: najisafisha, navaa cha kuzuia, natawadha wakati wa swala ukishaingia, naswali bila kukawia, na kinachotoka baada ya hapo kisinirudishe nyuma. Ramadhani sifungi. Daktari alinikataza kwa ajili ya figo, na aya ya 184 ya Sura al-Baqara ipo wazi kwa mgonjwa. Natoa fidya. Miaka ya mwanzo nilikuwa najificha nikinywa maji mchana. Sasa nakunywa jikoni kwangu.

Kuhusu uzazi, wasichana, ulizeni kabla ya kisu. Upasuaji wa ndani ya nyonga, kule rektamu inakotolewa, huweza kuacha makovu kwenye mirija ya uzazi na kupunguza nafasi ya kushika mimba kwa njia ya kawaida. Upasuaji wa matundu madogo hupunguza makovu hayo, na upandikizaji wa mimba hubaki njia iliyo wazi. Mimi nilipasuliwa kwa dharura, hapakuwa na muda wa kuulizana. Tulipata mtoto wetu kwa kupandikizwa, akazaliwa kwa operesheni ili misuli ya chini isichanike, kwani misuli hiyo ndiyo inayoizuia pochi. Wifi mmoja alinisema sana miaka ile. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyemnyamazisha.

Baadhi ya pochi hushindwa kabisa, karibu moja kati ya kumi kadiri miaka inavyosonga, na mwenyewe hurudi kwenye stoma ya kudumu. Nilikuwa naliogopa neno hilo. Kisha nikakumbuka ile miezi ya mfuko: nilikuwa nalala, nilikuwa napanda basi, sikuwa na maumivu. Daktari wa upasuaji ameniuliza mpaka wangu uko wapi, nami nimemjibu: nikianza tena kukosa usingizi kwa miezi mfululizo na dawa zimekwisha, nirudishie mfuko. Mume wangu alikuwepo chumbani na amekubali.

Mwezi ujao nina kamera nyingine. Maswali nimekwisha kuyaandika: kiungio kimekaza tena au la, ukanda uko hali gani, na vipande vya nyama vichukuliwe sehemu tatu, kwenye ukanda, ndani ya pochi, na kwenye utumbo ulio juu ya pochi, kwa sababu vidonda vya huko juu vinaweza kuashiria ugonjwa wa Crohn, uvimbe unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, na si pochaitisi. Majibu yakielekea huko, mazungumzo ya mfuko tutayaanza mapema zaidi.